Umri wa Kanisani

Binti yangu anaishi ughaibuni sasa, katika nchi ambayo watu wanavaa makoti hata ndani ya nyumba, na amekwisha kuwa mama. Juzi alinipigia simu akiwa amekereka. Kliniki yao imempa ratiba ya chanjo ya tetekuwanga ya mtoto wake: ya kwanza akishatimiza mwaka, ya pili mbele huko, karibu na kuanza shule. Kwa nini wasimchome zote mbili kwa mpigo, yakaisha? Halafu akaniuliza kama yeye mwenyewe aliugua tetekuwanga utotoni, maana nesi alitaka kujua. Nikamwambia aliugua, tena aliugua hasa, mpaka ndani ya masikio. Akauliza alikuwa na umri gani. Nikamjibu inategemea anahesabu kwa kanisa au kwa tumbo langu.

Alidhani natania. Sikuwa natania hata kidogo, ila kwa simu ya ng'ambo huwezi kuanza habari ya bibi yake ukaimaliza. Ndiyo maana naiandika.

Bibi huyo ni mama mkwe wangu, na niseme wazi kwamba mwanzoni sikumpenda. Alikuwa mama mnene, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kule kwetu Uvira alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, na tulipofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, haukupita mwezi akawa kiongozi wa akina mama tena, wala sikumbuki kama kuna mtu aliyempigia kura. Alinikosoa namna ya kusonga ugali, namna ya kufunga kitenge, namna ya kubeba mtoto mgongoni. Mimi nami si mtu wa kumeza maneno. Tuligombana juu ya chumvi, tukagombana juu ya kuni, na siku tusipogombana majirani walikuja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Lakini ndiye aliyenizalisha, na hilo sikuwahi kulisahau hata siku niliyokasirika kupita kiasi. Vita ya pili ya kwetu ilipotufukuza Uvira nilikuwa na mimba kubwa. Tulivuka ziwa, tukaingia Tanzania, na uchungu ukanishika nyuma ya nyumba ya watu tusiowajua, kwenye migomba, juma lile mvua za kwanza zilipoanza kunyesha. Mama mkwe alikuwa ameficha wembe mpya kifuani tangu Uvira, ukiwa bado kwenye karatasi yake. Aliogopa kila kitu njiani isipokuwa kukosa wembe. Alimpokea mtoto, akakata kitovu, akamfuta kwa gauni lake mwenyewe, akaniambia nisilie kwa sauti kwa sababu tuko ugenini.

Tulifika Malawi mahindi ya wenyeji yakiwa bado mabichi shambani. Mume wangu, ambaye ni fundi cherehani, hakukaa kambini. Alikwenda Lilongwe akapata kibarua cha kushona barazani kwa Mhindi mmoja kule Old Town, akapanga chumba kimoja mtaa wa Chinsapo, na akawa anatuletea chochote alichopata. Kambini tukabaki wanawake watatu: mimi, mama mkwe, na mtoto ambaye hakuwa bado na jina.

Sasa hapa ndipo inabidi nieleze desturi yetu. Katika kanisa letu mtoto huletwa mbele, mchungaji humwekea mikono, jina hutajwa, akina mama huimba, na kuanzia siku hiyo huyo ni mtu. Kabla ya hapo ni mgeni tu, tena mgeni ambaye hujui kama atakaa. Kwa hiyo akina mama wa kwetu walihesabu umri kuanzia Jumapili ile. Ukimuuliza mama ana mtoto wa miezi mingapi, anakutajia miezi ya kanisani, bila nia mbaya yoyote. Nyumbani haikudhuru kitu, maana mtoto aliletwa mbele mama yake akishamaliza tu siku za uzazi, na tofauti ilikuwa ya majuma machache.

Ila njiani hapakuwa na kanisa. Na tulipolipata kanisa, mama mkwe alikataa katakata kumpeleka mjukuu wake mbele za Mungu akiwa amefungwa matambara. Alisubiri mpaka mwanawe alipopata ujira wa kwanza na kununua kitenge Old Town. Kitenge kilikuwa kikubwa, kikatosha kumvisha na mtoto wa kiume wa jirani yetu, mama mmoja wa Fizi tuliyepakana naye ukuta, ambaye mwanawe alizaliwa hata kabla hawajakimbia. Watoto hao wawili waliwekewa mikono Jumapili moja, baada ya Pasaka. Wa kwetu alikuwa tayari anakaa peke yake. Yule wa jirani alikuwa akitambaa, na ilibidi ashikwe miguu asimtoroke mchungaji.

Basi tukaanza kuhesabu. Miezi miwili baadaye watoto wa kanisa letu walikuwa maajabu ya kambi nzima. Mtoto wa miezi miwili ana meno! Mwenzake wa miezi miwili anasimama akishika ukuta! Sisi wenyewe tulijivuna. Tulisema ni baraka, tulisema ni hewa ya Dowa, wilaya yenye kambi yetu, na akina mama wa Kimalawi kwenye bomba la maji walitutazama wakatazamana. Mimi mwenyewe nilimsifu wangu kwa kila aliyepita. Hakuna aliyekuwa mjinga kati yetu. Tulikuwa tumezoea hesabu hiyo tangu kwa mama zetu, na mtu haangalii mara mbili kitu alichozoea.

Kliniki ya kambi ilikuwa na mhudumu mmoja, Mmalawi mpole, aliyejifunza Kiswahili chetu kwa kubahatisha. Siku ya kupima uzito alitufundisha habari ya chanjo ya surua. Alisema mtoto anazaliwa akiwa na kinga ya mama yake damuni. Ukimchanja mapema, kinga ile inaimeza chanjo na kazi inakuwa bure. Ukichelewa, kinga ya mama imekwisha na mtoto amebaki wazi. Ndiyo maana Malawi wanachanja akitimiza miezi tisa, na mama asije kabla, wala asichelewe.

Mama mkwe alisimama akayarudia maneno hayo kwa akina mama wote, kwa sauti yake ile, na hakukosea hata neno moja. Alipenda jambo lenye utaratibu. Akawa mkali wa tarehe kuliko mhudumu mwenyewe. Kadi za watoto zilipoandikwa, ni yeye aliyesimama karibu na meza akiwasaidia akina mama kujibu, na kwa kila mtoto wa kanisa letu, ilipoulizwa siku ya kuzaliwa, alitaja Jumapili ya kuwekewa mikono. Jirani yetu alipotaka kumpeleka mwanawe mwezi wa sita, kwa sababu aliona mtoto ameshaanza kupiga hatua, mama mkwe alimrudisha mlangoni. Alimwambia bado, asiharibu chanjo ya watu, aje mwezi wa kwanza mwakani. Jirani alitii. Nani angembishia mama yule?

Surua iliingia wakati wa baridi, wakati ule upepo unapobeba vumbi la Dowa na kulitia ndani ya sufuria. Ilianza upande wa waliofika karibuni, ikatembea nyumba kwa nyumba. Mtoto wa jirani alianza kwa macho mekundu na kikohozi. Vipele vikamtoka, homa ikapanda, kisha ikamshuka kifuani. Walimlaza kliniki, na mhudumu alifanya yote aliyoweza. Mtoto akafa.

Mama mkwe alikuwa mmoja wa akina mama waliomwosha. Aliporudi nilikuwa nje nachambua maharage, na binti yangu amesimama ameshika kigoda changu, anayumba. Mama mkwe hakunisalimu. Alipiga magoti, akamfungua mtoto mdomo kwa kidole, akaangalia meno ya chini, akaangalia ya juu. Kidole kilikuwa bado mdomoni mwa mtoto.

"Uyu mutoto alizaliwa mvua ya kwanza," akasema. "Mi njo nilimupokea. Inapita miezi tisa sasa. Na ule wa jirani alikuwa mukubwa kumupita."

Kisha akakaa chini, mavumbini, bila mkeka. Sikuwahi kumwona akikaa chini bila mkeka. Nilielewa mara moja alichosema, na woga ulinishika mpaka maharage yakanimwagika mapajani. Nilitaka kumpigia kelele. Nilimtazama, nikaona hakuna kelele ninayoweza kupiga ambayo hakuwa anaisikia tayari.

Tulikwenda kliniki saa ileile. Mhudumu alitusikiliza, akaweka mikono kichwani. Chanjo ilikuwa imekwisha kwa sababu ya surua hiyohiyo, wanangoja gari la kuleta nyingine, huenda juma lijalo. Mama mkwe akasema gari likija litukute tumeshatoka. Kutoka kambini kulihitaji ruhusa, na ruhusa ilihitaji siku. Asubuhi yake alinifunga mtoto mgongoni kwa mikono yake mwenyewe, akajivika kitenge chake cha kanisa, akatembea kwenda barabarani kama mtu anayekwenda kwake. Tulipanda matola, pikapu iliyobeba kabichi, na kwenye kizuizi cha polisi aliwasalimu askari kwa heshima kubwa hata wakasahau kutuuliza karatasi.

Mhudumu alikuwa ametuelekeza kituo cha afya kule Nsungwi, upande tunaoingilia mjini Lilongwe. Foleni ilikuwa ndefu. Ilipofika zamu yetu, muuguzi, mama wa makamo mwenye miwani, alisoma kadi, akahesabu, akatikisa kichwa. Kwa kadi ile mtoto alikuwa wa miezi minne. Alinirudishia, akaita anayefuata.

Chichewa changu kilikuwa cha sokoni, cha kununulia nyanya. Nikaanza kubabaika. Mama mkwe akanishika bega.

"Mwambie hii karte iko na uongo," akasema. "Na mwenye kutia uongo ni mimi. Usimufiche."

Nikamwambia muuguzi, kwa maneno ya nyanya na vitunguu niliyokuwa nayo, kwamba bibi huyu ndiye aliyetaja tarehe, na tarehe ni ya kanisani. Yule mama akavua miwani. Akauliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, atajuaje kwamba leo ndiyo anasema kweli.

Mama mkwe akamsimulia. Alisimulia amesimama wima mbele ya foleni nzima, mimi nikitafsiri nusu kwa mdomo na nusu kwa mikono: migomba, mvua ya kwanza, udongo ulivyonuka, wembe, kitovu, gauni. Mimi mwenyewe sikuwahi kuisikia hadithi ya uzazi wangu kutoka kwake. Sikujua kwamba mtoto alichelewa kulia, na kwamba ile amri ya nisilie kwa sauti aliitoa ili aweze kumsikia akivuta pumzi. Alisema wakati ule watu walikuwa wanaanza kulima, na muuguzi, ambaye kwao pia watu wanalima mvua ikikaribia, akahesabu kwa vidole vyake kutoka mvua mpaka baridi. Halafu akamnyooshea mtoto kidole, mtoto akakishika, akasimama, akakiuma. Muuguzi akacheka. "Zikomo, agogo," akasema, asante bibi, akaenda kufungua jokofu.

Sindano haikuchukua muda wowote. Lakini aliponirudishia mtoto alinionya kwamba mwili unahitaji majuma mawili hivi kabla kinga haijashika, na kama tumetoka penye surua, tusimrudishe huko kwanza.

Kwa hiyo tukaenda Chinsapo, kwa mume wangu. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda kimoja, cherehani moja. Kwetu mama hawezi kulala chumba kimoja na mwanawe na mkwewe, hata mvua inyeshe mawe. Mama mkwe alitufikisha mlangoni, akamsalimu mwanawe akiwa nje, akakataa hata kuingia kunywa maji, akayanywea kizingitini kwa jirani wa mume wangu. Nilimsihi apumzike angalau mpaka jua lipungue. Miguu ilikuwa imemvimba.

"Kule kuko batoto bengine ba kanisa," akasema, akageuka akaenda kutafuta gari.

Nilimtazama akipanda ile njia ya Chinsapo katikati ya wachuuzi, mama mzima, mnene, peke yake katika mji ambao lugha yake haijui. Nilimpenda siku ile. Nalisema hivihivi kwa sababu akiwa hai sikuwahi kumwambia kwa neno hilo, ila nilimpikia ugali mgumu kama alivyoutaka mpaka alipotuacha.

Aliyoyafanya kambini niliyasikia baadaye kwa akina mama. Kabla ya kufika nyumbani aliingia kwa jirani, yule aliyefiwa, akapiga magoti mlangoni. Akamwambia: mwezi wa sita wewe ulikuwa na haki, mimi ndiye niliyekurudisha.  Jirani aliendelea kukunja nguo za mtoto. Mama mkwe alirudi kesho yake, na kesho kutwa, hakujibiwa.

Jumapili akasimama kanisani. Aliwaambia akina mama waache hesabu ya kanisa wanapoulizwa umri, wataje siku mtoto alipotoka tumboni. Alisema ni yeye aliyewafundisha vibaya mbele ya meza ya kliniki. Mchungaji, mtu mwema, alitaka kumpunguzia mzigo, akaingilia kati akisema mtoto yule ni Mungu aliyempenda akamchukua. Mama mkwe akamgeukia.

"Mungu alimupa ule mutoto miezi yake," akasema. "Mi njo niliificha. Usimusingizie Mungu."

Wanasema mchungaji alikaa. Na kuanzia siku hiyo mama mkwe akapita nyumba kwa nyumba. Akina mama wengi walizaa wakikimbia na hawakuwa na tarehe yoyote, kwa hiyo alikaa nao wakaitafuta pamoja: ulizaa mkiwa wapi, mto ulikuwa umejaa au umekauka, watu walikuwa wanavuna nini, nani alikuwa bado hai. Wanawake walilia, maana walikuwa wameizika miezi ile makusudi, na yeye aliwalazimisha waichimbue. Gari la chanjo lilipofika, walikuwa wamepanga mstari tangu asubuhi, kila mmoja na umri wa kweli mdomoni. Wako watoto waliougua hata hivyo. Lakini katika kanisa letu hatukuzika mwingine.

Binti yangu nilimrudisha kambini akiwa salama, na surua haikumgusa. Karibu na Noeli aliamka na homa na vipele, nami nikapiga yowe nikijua yametimia. Mama mkwe akamvua nguo, akambeba kwenye mwanga, akabonyeza kipele kimoja. Kilikuwa na maji. Tetekuwanga, akasema, akakaa kitandani akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mhudumu alituambia kwa ugonjwa huo hana chanjo ya kutupa, tumkate kucha tu na tungoje. Kwa kanisa alikuwa na miezi minane. Kwa tumbo langu alikuwa na mwaka na zaidi, na huo ndio umri niliomtajia mwishowe kwenye simu.

Jirani yetu hakumsemesha mama mkwe muda wote huo. Walipishana kwenye bomba, wakakaa benchi moja kanisani, neno hakuna. Mama mkwe alimwachia maji aliyokwisha teka, na jirani aliyaacha hapohapo mpaka jua likayapasha. Sikumlaumu. Mwaka uliofuata tuliona ana mimba, na tuliona pia kwamba mama mkwe anapita mbali na mlango wake, asije akaonekana anajipendekeza.

Asubuhi moja mume wa jirani alikuja kwetu mbio. Nilidhani ameagizwa kuniita mimi. Akasema mke wake anamtaka mama. Mama mkwe alikuwa anaosha vyombo. Alijifuta mikono, akaingia ndani, akatoka na wembe mpya, akaenda bila kuvaa viatu.

Nilifuata na maji ya moto. Jirani hakumtazama na hakumsemesha, alimpa mkono tu, akaubana, na waliendelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Mtoto alipotoka alilia papo hapo, kwa nguvu, mpaka kuta zikajaa. Mama mkwe akamkata kitovu, akamfuta, akamlaza juu ya kifua cha mama yake, kisha akarudi nyuma kama mtu asiyejua kama anaruhusiwa kubaki. Jirani alikuwa amefumba macho. Hakuuliza kama ni wa kiume au wa kike.

"Mama," akasema, "leo iko tarehe ngapi?"

Mama mkwe akamtajia siku, na mwezi, na mwaka, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Jirani akairudia polepole karibu na sikio la mtoto, halafu akamwambia mama mkwe aitaje tena, wakaitaja wote wawili.